Msprusi mchanga hausahau jeraha

Pitisha kiganja kwenye shina la msprusi, mti wa nchi za baridi wenye majani kama sindano, ukiwa na miaka 20. Gome lake ni jembamba na laini kuliko la msonobari, na vidole huona mapema kuliko macho. Ukigusa kituta chembamba kilichopanda na shina kama mshono wa nguo, huku utomvu mweupe umekaukia chini yake, ujue ndani kuna ufa uliokwisha kufunikwa. Mti utaendelea kunenepa hadi uonekane mzima kabisa. Siku ya kupasua mbao ndipo ufa utakapojitokeza, katika gogo la chini ambalo ndilo lenye thamani kuliko yote.

Nyufa za namna hii huonekana zaidi kwenye miti iliyokua haraka katika ardhi yenye rutuba, mathalani mashamba ya zamani yaliyogeuzwa msitu. Kiangazi kikavu kikija, mti huvuta maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta, na mbao changa hupasuka kwa urefu wa shina. Kwa hiyo unene wa haraka usitufurahishe kupita kiasi.

Msprusi huu, Picea abies, ndio tegemeo la mbao nchini Uswidi, Ufini, Norwe na sehemu kubwa ya Ulaya ya Kati. Kutoka kupandwa hadi kuvunwa hupita miongo mingi, lakini kasoro nyingi zinazoshusha bei ya gogo huanza mti ukiwa bado mchanga. Sababu yake ni kwamba mti hauponi kama mwili wa mnyama. Hauwezi kukarabati sehemu iliyokufa. Hujenga mbao mpya pembeni na juu yake, na kilichofunikwa hubaki humo miaka yote.

Chukua mfano wa kilele kilichovunjika. Jalidi ya mwisho wa majira ya kuchipua huua chipukizi la juu, hasa kwenye mabonde madogo ambako hewa baridi hutuama usiku. Theluji nzito yenye maji nayo huvunja vilele. Mahali pengine ni udongo uliopungukiwa na madini ya boroni, tatizo linalojulikana vizuri Ufini na Norwe: chipukizi la juu hufa na mti ukageuka kichaka chenye vilele vitatu au vinne. Vyovyote iwavyo, tawi la pembeni huinuka kushika nafasi. Shina hubaki na kona, na tawi lililoshindwa hubanwa ndani likawa fundo lililosimama mshazari kama mkuki, na hapo ubao hukatika kirahisi. Kwa kuwa msprusi hutoa duara moja la matawi makubwa kila mwaka, ukihesabu maduara kutoka juu kushuka hadi kwenye kona, utaupata mwaka wenyewe wa ajali.

Dawa yake ni nyepesi mti ukiwa mfupi kuliko mtu: kata kilele cha ziada kwa mkasi wa bustani, acha kimoja kilichonyooka. Mibetula michache, miti yenye majani mapana, ikiachwa isimame juu ya miche, hupunguza makali ya jalidi. Ukingoja miaka kumi, huna la kufanya ila kuuondoa mti.

Kinachotusumbua zaidi, hata hivyo, ni gome kubanduka. Kulungu wekundu hutafuna gome wakati wa baridi. Wakati wa joto, gome likiwa limelegea kwa maji, hulivuta vipande virefu kama mtu anayemenya ndizi. Panya wa nyasini hutafuna chini, karibu na ardhi. Mashine za kupunguza miti, yaani kuondoa baadhi ili inayobaki ipate nafasi, nazo hugonga mashina na kuchuna mizizi, ambayo kwa msprusi hutambaa juujuu. Kupitia vidonda hivyo huingia kuvu iitwayo Stereum sanguinolentum, ambayo huozesha mbao na kupanda ndani ya shina makumi ya sentimita kila mwaka. Kidonda kikubwa, kilichofika kwenye mbao yenyewe, ndicho cha kuogopwa. Kidonda cha upana wa kiganja kwenye mti wa miaka 30 kinaweza kuharibu gogo zima la chini kabla ya mavuno.

Kuna kuvu nyingine isiyohitaji kidonda cha shina: Heterobasidion. Mbegu zake huruka hewani wakati wa joto na kutua kwenye kisiki kibichi. Kutoka hapo hushuka mizizini, huvuka kwenda kwa jirani pale mizizi inapogusana, kisha hupanda mita kadhaa ndani ya mti ambao kwa nje ni wa kijani na wenye afya. Hudumu ardhini miongo kadhaa, ikangojea kizazi kipya cha miche. Ndiyo maana kupunguza miti wakati wa baridi kali ni salama zaidi. Kazi ikilazimu kufanyika wakati wa joto, visiki hupakwa urea au kuvu rafiki, Phlebiopsis gigantea, mara tu mti unapoangushwa. Ufini sheria inaagiza hivyo katika maeneo yenye hatari.

Shina lililoinama nalo lina lake. Upande wa chini hujenga mbao nzito, nyekundu, inayosinyaa sana kwa urefu ikikauka. Ubao wake hujipinda hata ukiusawazisha vipi.

Upunguzaji wa kwanza ndio nafasi ya kuondoa miti yote yenye kasoro hizi, na tunawasihi wenye misitu watembee wenyewe kabla ya mashine kufika, wakiutazama kila mti pande zote na kuweka alama. Mashine zikiondoka, rudini kwenye njia zake siku hiyohiyo, wakati vidonda bado ni vyeupe na utomvu haujavificha.