Kifaa cha kuvua si waya wa maskini

"Daktari, hicho cha plastiki ni cha kuanzia tu, si ndiyo? Waya wenyewe tunaweka lini?" Swali hili nalisikia hapa Mwanza karibu kila kliniki, tena kwa wazazi waliokwisha kuamua moyoni kwamba kifaa cha kunyoosha meno cha kuvua na kuvaa ni cha asiye na hela. Wiki hii limenichosha.

Imani hiyo ina chimbuko. Marekani, daktari wa meno Edward Angle na wanafunzi wake waliijenga fani yote ya kunyoosha meno juu ya waya uliogandishwa kwenye meno. Mfumo wake wa 1928 ndio mzazi wa bresi mnazoziona kwenye simu. Ulaya wengi walishika njia nyingine, ya kifaa cha kuvua. Mfaransa Pierre Robin alieleza monobloki yake, kifaa cha kipande kimoja, mwaka 1902. Kisha Viggo Andresen wa Denmark akamvua binti yake waya kabla ya likizo ya kiangazi, akamtengenezea pleti, yaani kibao chembamba cha kuvaa mdomoni, ya kuzuia meno yasirudi, na akaiongezea ukingo uliolisogeza mbele taya la chini kila alipofunga mdomo. Likizo ilipokwisha, mng'ato, yaani namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana, ulikuwa umerekebika. Huyo alikuwa daktari anayemtibu mwanawe mwenyewe, hakuwa anatafuta unafuu wa bei! Ndipo kikazaliwa kifaa kinachoitwa aktiveta, alichokiendeleza Oslo pamoja na Karl Häupl.

 

Nitakaa kwenye jambo moja, maana ndilo linaloniudhi. Watu wanaweka vifaa vyote vya kuvua kapu moja. Pleti yenye springi inalisukuma jino kwenye taji, sehemu inayoonekana mdomoni, kwa hiyo jino linainama na mzizi haufuati. Kwa jino moja la juu linalong'ata nyuma ya la chini, hilo mara nyingi linatosha kabisa. Kama mzizi wenyewe unatakiwa kusogea, pleti haiwezi, na nitakuandikia waya bila kusita. Aktiveta na ndugu zake ni kitu kingine. Hazihitaji springi. Zinalishikilia taya la chini mbele, na misuli inayotaka kulirudisha nyuma ndiyo inayotoa nguvu. Mzazi anageuza kile kipande mkononi, haoni kinachosukuma, anasema hakifanyi kazi. Kinafanya, mradi mtoto bado anakua. Kijana wa miaka 20 amechelewa, hata alete milioni ngapi.

Twin Block, mmoja wa ndugu hao wa aktiveta na ninayoitumia zaidi, ilianzia Uskoti mwaka 1977. William Clark aliibuni kwa ajili ya mtoto wa daktari mwenzake; mtoto huyo alikuwa ameanguka, jino lake la mbele likang'oka na kurudishiwa. Ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyokutana kwa mteremko, na mtoto anakula navyo.

Lakini msiniletee zile video zinazoahidi taya jipya. Utafiti wa Kevin O'Brien na wenzake Uingereza, uliochapishwa 2003, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya marekebisho ni meno kusogea; mfupa unachangia kidogo. Kuanza mapema sana nako, miaka ikipita, hakumwachi mtoto na taya bora kuliko aliyesubiri. Faida inayosimama ni kwamba meno ya mbele yaliyochomoza yanavunjika mara chache zaidi yakirudishwa mapema, na kwa mtoto anayeshinda akipanda mawe ya Bugarika hilo si dogo. Mzazi akiniuliza, "Taya litakua?" namjibu: labda kidogo, na siwezi kukuahidi kwamba la mwanao ndilo litakalokua.

Kinachokiangusha kifaa ni kukaa kwenye begi. Mnaomwacha mtoto bweni Sengerema au Ukerewe, zungumzeni na matroni kabla hamjaondoka. Kioshwe kwa mswaki na maji baridi. Maji ya moto yanapindisha akriliki, ile plastiki ya kifaa. Kikivunjika, leteni vipande vyote, na msikigundishe kwa supaglu.