Yanayosemwa kuhusu DeLorean, na yaliyo kweli

Ukitaja DeLorean mbele ya mtu aliyekulia kwenye kanda za video, hakuulizi ni gari gani. Anaanza kukusimulia mwenyewe: milango inayofunguka kwenda juu, moshi, mistari miwili ya moto lamini. Filamu ya Back to the Future, ambamo gari hili ni mtambo wa kusafiri kwenye wakati, ilitoka Julai 1985, na tangu hapo gari hili lina sifa mbili, ya filamu na ya kiwandani, zilizochanganyika hata wapenzi wa magari ya zamani hawazitenganishi. Watu wanaojua kila skrubu ya Mini ya baba yao wanakupa habari za DeLorean walizookota vijiweni. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi.

"Filamu ndiyo iliyolifanya liuzike"

Filamu ilikuta kampuni imeshazikwa. Magari haya yaliundwa Dunmurry, pembezoni mwa Belfast huko Ireland ya Kaskazini, kuanzia Januari 1981 hadi mwishoni mwa 1982. Yalitoka kama 9,000, basi. Filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema, kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa zaidi ya miaka miwili, na kampuni ya mwanzo haikupata kuuza hata gari moja jipya kwa sababu yake.

Ilichofanya filamu ni kitu kingine, na kwa maoni yangu ni kikubwa zaidi: iliyaokoa magari yaliyokuwapo yasiishie kwenye chuma chakavu. Kabla ya 1985 DeLorean lilikuwa gari la kuchekwa. Jina lake la awali, DMC-12, lilibeba bei iliyokusudiwa, dola 12,000. Lilipofika sokoni Marekani liliuzwa dola 25,000, na kwa pesa hizo mtu alipata gari lenye nguvu zaidi na matatizo machache zaidi. Wafanyakazi wengi wa Dunmurry hawakuwahi kuunda gari maishani mwao, na magari ya mwanzo yalifika Marekani yakihitaji kurekebishwa kabla ya kukabidhiwa wateja. Gari la namna hiyo, ambalo kiwanda chake kimekufa na mwanzilishi wake ametoka mahakamani, kwa kawaida huegeshwa nyuma ya gereji likachomolewa kimoja kimoja. Hili halikupata majaliwa hayo. Maelfu bado yapo, na sehemu kubwa ya sababu ni kizazi cha watoto waliotoka sinema wakisema nikikua nitalinunua, wakakua, wakalinunua.

"Lilichaguliwa kwa sababu lilikuwa la kifahari"

Lilichaguliwa kwa ajili ya mzaha. Katika rasimu za mwanzo mtambo wa kusafiri kwenye wakati haukuwa gari bali friji, na wazo hilo likaachwa, pamoja na sababu nyingine, kwa hofu kwamba watoto wangeiga na kujifungia ndani ya friji za nyumbani. Kisha waandishi wakataka kitu ambacho familia ya shambani mwaka 1955, ikikikuta kwenye banda lake, ingeamini ni chombo cha viumbe kutoka sayari nyingine. Mwili wa chuma kitupu na milango ya kupaa ukafaa bila maelezo. John DeLorean mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, hakuchukia. Aliwaandikia watengenezaji wa filamu barua ya kuwashukuru.

"Kampuni iliuawa na kokeini"

Hapa tarehe zinatosha. Kampuni iliwekwa mikononi mwa wafilisi Februari 1982, baada ya mauzo ya Marekani kudorora na serikali ya Uingereza, iliyokwisha kumwaga makumi ya mamilioni ya pauni, kukataa kuongeza. DeLorean alikamatwa Los Angeles tarehe 19 Oktoba 1982, miezi minane baadaye, akituhumiwa kuingia kwenye biashara ya kokeini ili apate fedha za kuiokoa kampuni. Yaani mgonjwa alikuwa mahututi kabla ya kashfa. Na kesi yenyewe haikuishia alivyotarajia mwendesha mashtaka: Agosti 1984 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru, utetezi wake ukiwa kwamba maofisa wa serikali ndio waliomtegea mtego.

Bado utasikia watu wakisema alifungwa. Hakufungwa.

"Ni gari la mbio"

Huu ndio uvumi ulioshika mizizi kuliko yote, na unaeleweka: gari ni la chini, pua imechongoka, mchoro ni wa Giorgetto Giugiaro wa Italia. Kisha filamu ikatia chumvi kwa sauti. Ule mngurumo unaousikia ni wa injini ya V8, yenye silinda nane. DeLorean lina V6, yenye sita.

Injini hiyo, ya lita 2.85, ilitoka kwenye ubia wa Peugeot, Renault na Volvo. Kwa soko la Marekani, lenye masharti makali ya moshi, ilibanwa hadi nguvu za farasi 130, ikafungwa nyuma kabisa ya gari lenye zaidi ya kilo 1,200. Jarida moja la magari la Marekani lilipolipima kulifikisha maili 60 kwa saa, lilichukua sekunde 10.5. Leo hata gari la kawaida la kubebea familia linaweza kulitangulia taa zikiwaka kijani.

Kuhusu zile maili 88 kwa saa za filamu, karibu kilomita 142, mwendo ambao gari huruka kwenda wakati mwingine: gari linafika, na kupita, bila wasiwasi. Kilichokuwa hakifiki ni spidomita. Sheria ya Marekani ya wakati huo iliwataka watengenezaji waishie 85 kwenye dashibodi, kwa imani kwamba dereva asiyeona namba kubwa hatazitafuta. Waliotengeneza filamu walilazimika kuweka spidomita nyingine inayofika 95. Tazama vizuri picha za magari ya kawaida utaiona ile 85 imeandikwa mwisho kabisa.

Lakini kuna jambo ambalo wanaolidharau hawalijui, na sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuwa wa kwanza kulisema. Injini za ukoo huo huo zilishinda Safari Rally. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alichukua ushindi Kenya akiendesha Peugeot 504 Coupé V6, na V6 hiyo ni ndugu wa tumbo moja na iliyomo kwenye DeLorean, ya ujazo mdogo kidogo. Injini haikuwa goigoi. Masharti ya moshi ndiyo yaliyoibana pumzi.

"Chuma chake hakishiki kutu"

Nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowagharimu wanunuzi.

Mabati ya nje ni chuma kisichoshika kutu, aina ileile ya masinki ya jikoni, na magari yalitoka kiwandani bila rangi. Ukisogea karibu utaona uso wake si laini kama kioo. Una mistari myembamba sana, yote ikielekea upande mmoja. Mwenye gari akipata mkwaruzo mdogo huchukua pedi ya nailoni yenye ukali kiasi, akasugua kwa kufuata mistari, mkono ukienda na kurudi palepale bila kuzunguka. Akizungusha mkono mara moja tu, doa litaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Na asithubutu kutumia waya wa kusugulia sufuria, maana huacha chembe za chuma cha kawaida ambazo zenyewe hushika kutu, na gari lisiloshika kutu likapata madoa ya kahawia. Alama za vidole ni kero ya kila siku. Mtoto akiligusa, umeligusa wewe.

Chini ya mabati hayo ni mwili wa faiba, ambao nao haushiki kutu. Tatizo liko chini zaidi. Chasisi, iliyoundwa kwa usaidizi wa kampuni ya Lotus, ni chuma cha kawaida kilichofunikwa kwa utando wa epoksi. Utando ukipasuka maji hupenya, yakakaa humo, kutu ikatafuna kwa ndani huku juu pakionekana pazima. Mafuta ya breki yakivuja hufanya kazi hiyohiyo haraka zaidi. Kwa hiyo wapo waliolipia pesa nyingi gari linalong'aa, kisha fundi akalipandisha juu, akapitisha bisibisi kwenye chasisi ikazama.

Kuna lingine linalotokana na ukosefu wa rangi. Gari la kawaida likigongwa, fundi hunyoosha, akapaka puti, akapiga rangi, mambo yakaisha. Hapa hakuna cha kufunikia. Bati likitobolewa, limetobolewa. Shika hilo, tutalihitaji.

"Milango ile inahitaji uwanja mzima"

Kinyume chake. Mlango hupanda karibu wima, na nafasi inayohitajika ubavuni ni kama sentimita 28 tu, ndogo kuliko ya milango mingi ya kawaida. Uzito unabebwa na fimbo ya chuma iliyosokotwa, iliyotengenezwa na Grumman, kampuni ya ndege, kwa kugandishwa kwenye baridi kali mno ili ihifadhi nguvu yake. Udhaifu wa milango uko kwingine: dirisha linalofunguka ni kijidirisha ndani ya dirisha, kiasi cha kupitisha mkono wenye tiketi ya kuegesha. Kwenye joto, kiyoyozi kikikataa, utajua.

"Vipuri havipatikani tena"

Kwa gari la kampuni iliyodumu muda mfupi hivyo, ungedhani hivyo. Lakini kampuni ilipokufa, shehena kubwa ya vipuri vipya ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Ohio, na katika miaka ya 1990 ikahamia Texas, mikononi mwa Stephen Wynne, fundi Mwingereza aliyefungua kampuni yenye jina lilelile la DeLorean Motor Company. Sehemu nyingi za kawaida, kuanzia breki hadi mipira ya milango, unaagiza na kutumiwa. Wenye magari adimu ya Italia ya miaka hiyo wanaweza kuona wivu.

Sehemu ya uvumi iliyo kweli ni baadhi ya mabati ya nje. Zile kalibu kubwa za kukandamizia chuma hazikutunzwa. Baadhi ziliishia baharini, pwani ya magharibi ya Ireland, zikitumika kama nanga za nyavu za ufugaji wa samaki. Ndiyo maana fenda ya mbele isiyo na jeraha hushikwa kama dhahabu.

Na dhahabu ilikuwepo. Mwaka 1980 American Express, kampuni ya kadi za malipo, iliwatangazia wateja wake DeLorean yaliyopakwa dhahabu ya karati 24 kwa dola 85,000. Yaliuzwa mawili.

"Nimeliona lile la filamu"

Huenda. Ila filamu haikutumia gari moja. Ya kwanza peke yake ilitumia matatu, na mfululizo mzima ulihitaji mengine, likiwemo moja la filamu ya tatu lililowekewa chasisi ya Volkswagen ili liruke kwenye mashimo ya jangwani. Mengine yaliharibiwa, jingine likagongwa na treni mbele ya kamera. Gari kuu, mali ya studio ya Universal, lilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika 2013 na limekuwa likionyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Petersen, Los Angeles. Mwaka 2021 liliingizwa kwenye orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani.

Mengi unayoyaona kwenye maonyesho na harusi ni nakala, na hapo ndipo filamu ilipobadilisha tabia za wapenzi wa magari ya zamani. Desturi yao ni kulirudisha gari lilivyotoka kiwandani, hadi stika ya chini ya boneti. Watengeneza nakala wanafuata uaminifu mwingine: wanatafuta kifaa kilekile ambacho mafundi wa filamu walikiokota kwenye maduka ya mitumba ya vifaa vya ndege na umeme. Ule mtambo wa kuchoma takataka unaoonekana mwishoni mwa filamu ni mashine ya kusagia kahawa ya Krups, modeli ya Coffina, na wapo wanaoisaka kwa miaka, si kwa ajili ya kahawa.

Mimi sina ugomvi na nakala zinazojengwa bila kutoboa. Ugomvi wangu ni na anayechukua gari zima, lenye mabati asilia, akapiga drili ili afunge nyaya na mabomba. Kama nilivyosema, bati hili halizibwi. Anayetaka nakala angetafuta gari lililokwisha kugongwa; yapo, na ni nafuu.

"Naweza kuagiza moja kama ninavyoagiza kutoka Japani"

Karibu yote yana usukani wa kushoto. Yaliyogeuzwa kuwa ya kulia Uingereza ni machache mno na hayauzwi ovyo. Kenya, kwa utaratibu wa kawaida, haipokei gari la usukani wa kushoto wala lililozidi miaka minane. Tanzania hulipokea la zamani, lakini umri wake unatozwa ushuru wa ziada, tena juu ya bei ambayo siku hizi imepita mbali zile dola 25,000.