Mwalimu wa MBSR hufundishwa nini hasa?

MBSR ni kifupisho cha jina la Kiingereza la kozi ya kupunguza msongo wa mawazo kwa uzingatifu. Ilianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn, msomi wa baiolojia ya molekuli, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Worcester, Marekani. Walengwa wa mwanzo walikuwa wagonjwa, wengi wao wenye maumivu sugu ambayo tiba ya kawaida haikuyamaliza. Mafunzo ya ualimu wa MBSR ni maandalizi ya mtu atakayeiendesha kozi hiyo. Wengi hudhani maandalizi hayo ni kukariri mazoezi. Mazoezi ni machache, unaweza kuyajua yote ndani ya wiki moja. Kazi iko kwingine.

Tuanze na neno lenyewe, uzingatifu, maana huleta shida tangu siku ya kwanza. Wapo wanaotumia “umakini” badala yake. Lakini kwetu “kuwa makini” ni onyo: usianguke, usiibiwe. Mwambie mshiriki awe makini na pumzi yake, naye atakaza mabega na kuilinda kama askari wa getini. Uzingatifu unaokusudiwa ni kutambua kinachotokea sasa hivi mwilini na akilini, bila kukimbilia kukihukumu au kukirekebisha.

Kozi yenyewe ni ya wiki 8. Kila wiki kuna kipindi kimoja cha saa mbili na nusu au zaidi kidogo, na baada ya kipindi cha 6 kuna siku nzima ya mazoezi ya kimya. Nyumbani mshiriki hufanya mazoezi ya kama dakika 45, siku 6 kwa wiki. Huanza kwa kula zabibu kavu moja polepole mno na kwa kuupitia mwili sehemu kwa sehemu akiwa amelala chali, kisha huja yoga nyepesi, kukaa kwa utulivu na kutembea kwa uzingatifu.

Anayetaka kufundisha sharti kwanza awe amepitia kozi hiyo kama mshiriki, si mtazamaji. Hutakiwa pia awe na mazoezi yake ya kila siku na awe amehudhuria mafungo ya kimya, yaani siku za kujitenga na kufanya mazoezi bila kuzungumza, mara nyingi siku 5 hadi 10, yanayoongozwa na walimu. Baada ya hapo ndipo huja mafunzo ya kufundisha, kisha kuendesha kozi chini ya mlezi anayesikiliza au kutazama rekodi za vipindi vyake. Safari nzima huchukua miaka kadhaa. Kozi ya wikiendi mbili inayotoa cheti cha ualimu wa MBSR haifundishi kitu hiki.

Kuongoza zoezi ndiko mwanafunzi hukosea mapema. Husoma maandishi, hubembeleza sauti kama anayemlaza mtoto, na zoezi la dakika 45 humalizika kwa 25 kwa sababu ukimya unamtisha. Dawa yake ni kufanya zoezi lilelile wakati anapoongoza: anapotaja nyayo, naye yuko kwenye nyayo zake. Lugha nayo ina uzito. “Tulia, legeza mabega, usiwaze” ni amri tatu, na kila moja ni mtihani ambao mshiriki anaweza kuufeli. Kiswahili kinatusaidia sana hapa kwa ile -ki- yetu na ukanushi wake -sipo-: “ukigundua mabega yamekaza, yatambue yalivyo”; “usipohisi kitu, hilo nalo litambue.” Hakuna anayeshindwa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mazungumzo yanayofuata zoezi. Mshiriki anasema, “Mimi sikuweza, mawazo yalinizonga mwanzo mpaka mwisho.” Mwanagenzi hujibu, “Usijali, utazoea.” Ametoa faraja na kuufunga mlango. Mwalimu aliyeiva huuliza, “Ulipogundua umezongwa, mwilini kulikuwaje?” Kifua kilibana. “Halafu?” Nikajikasirikia. “Hasira ya namna hiyo huwa inakujia wapi kwingine?” Kazini, nikikosea kidogo tu. Maswali yamepita ngazi tatu: kilichotambuliwa, jinsi mtu alivyokipokea, na uhusiano wake na maisha ya kila siku. Darasa zima limejiona humo, na hakuna ushauri uliotolewa. Cha kushangaza, wanaoteseka zaidi hapa mara nyingi ni wanasaikolojia na wauguzi, kwa sababu mazoea yao ni kutatua. Wakiuliza kuhusu utotoni, darasa limegeuka kuwa kliniki, na watu wengine 20 wanabaki kutazama.

Umahiri hupimwa. Kipimo kinachotumika sana kilitengenezwa na vyuo vikuu vya Bangor, Exeter na Oxford nchini Uingereza. Kina maeneo 6: mpangilio na mwendo wa kipindi, uhusiano na washiriki, uzingatifu unaoonekana kwa mwalimu mwenyewe, uongozaji wa mazoezi, ufikishaji wa mada kwa mazungumzo na maelezo, na ulezi wa kundi. Eneo la tatu ndilo lisiloigizwa. Mlezi huliona kwa namna mwalimu anavyopokea swali la ukorofi.

Kisha kuna usalama, na hapa uzembe huumiza watu. Kabla ya kozi, mwalimu huzungumza na kila mwombaji. Mtu mwenye mawazo ya kujiua, aliyerukwa na akili hivi karibuni, aliye katikati ya uraibu, au mwenye kiwewe kilicho kibichi huelekezwa kwanza kwenye matibabu. Anaweza kuja baadaye. Kufumba macho na kuupitia mwili kunaweza kumrudisha aliyewahi kudhulumiwa palepale alipodhulumiwa. Kwa hiyo tangu kipindi cha kwanza washiriki huambiwa wanaweza kufumbua macho, kukaa badala ya kulala, kupeleka usikivu kwenye sauti za nje au miguu iliyogusa sakafu, au kutoka chumbani. Mwalimu akiona pumzi ya mtu imekuwa ya juujuu na mikono inatetemeka, hamwambii avumilie. Humwita kwa jina kwa sauti ya kawaida, humwomba afumbue macho ataje vitu anavyoviona chumbani, na darasa likiisha hazungumzi naye kama mganga: humpa namba ya mtaalamu aliyekwisha kukubaliana naye kabla kozi haijaanza.