Tangi huvuja, halimwagiki

Nimelisikia tena, safari hii kwenye kikao cha mtaa: "Mafuta yamemwagika pale sheli, ndiyo maana kisima kinanuka." Hakuna kilichomwagika. Zege la sheli ni kavu, halina hata doa. Alichokusudia mzee wetu ni kwamba tangi lililofukiwa chini linavuja.

Maana kwanza, upesi. Kuchunguza uchafuzi wa udongo kwenye tangi la mafuta ni kutoboa ardhi kwa vina mbalimbali, kuchukua sampuli za udongo, za hewa iliyonaswa ndani yake na za maji ya chini, kisha kupima maabara zina petroli au dizeli kiasi gani. Benzeni hutafutwa kwa bidii zaidi, kwa sababu husababisha saratani ya damu. Kinachotakiwa ni kujua mafuta yamefika wapi na yanaelekea wapi. Basi.

Sasa neno lenyewe. Kumwaga kuna mwagaji. Hata tukisema "yamemwagika" ili tusimtaje, tukio lina saa yake na watu waliokuwepo, ndiyo maana swali la kwanza huwa nani, la pili lini. Kuvuja hakuna mtendaji. Paa huvuja, mtungi huvuja. Hata siri ikivuja, hujui ilianza kutoka lini. Unajua tu siku uliyoisikia sokoni. Ukitaka kumtia mtu hatiani inakubidi urefushe kitenzi kiwe kuvujisha, kama wanavyofanya wenye mitihani.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na mchukuzi mwenyewe hang'amui mpaka afike. Tangi ni pakacha la chuma. Kutu hulitoboa, au kiungo cha bomba hulegea, yakatoka matone siku hadi siku, na anayepima kwa fimbo asubuhi akadhani ni upungufu wa kawaida. Nafuu ya nani hapo, sijui.

Walisema pia maji yakimwagika hayazoleki. Kwa petroli mambo yamegeuka: iliyomwagika juu ya zege hufunikwa mchanga ikazolewa. Iliyovuja ndiyo haizoleki. Hushuka polepole mpaka ikutane na maji ya chini, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji huelea juu yake, huku sehemu yake, benzeni ikiwamo, ikiyeyuka na kusafiri na mkondo. Ndiyo maana wachunguzi huchimba visima vya uangalizi visivyopungua vitatu. Viwili havitoshi kuonesha maji yanateremkia upande gani. Kisima chako kinaweza kuwa mbali na sheli na bado kiwe ndicho kilichomo njiani.

Marekani walitunga sheria ya matangi haya mwaka 1984, na tangu hapo wamethibitisha uvujaji zaidi ya 500,000. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica, California, ulikuwa umefunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake, kwa sababu ya MTBE, kiambato cha petroli kilichovuja chini ya ardhi. Huku kwetu, Thange katika Kaunti ya Makueni, mwaka 2015 lilivuja bomba la Mombasa hadi Nairobi, mafuta yakaingia mtoni. Lile lilikuwa bomba na si tangi, lakini kitenzi ni kilekile.

Kwa hiyo, mzee wangu, shikamoo, na malalamiko yako ni ya haki. Ila kwenye ile barua tunayoipeleka, tubadilishe neno moja. Tukiandika "yamemwagika", atakuja mtu kuangalia sakafu, ataikuta kavu, ataondoka. Tuandike "tangi linashukiwa kuvuja", ili aje na mashine ya kutoboa.