Msitu wa kingo za mto ni nini?

Msitu wa kingo za mto ni ukanda wa miti na majani unaoota kandokando ya mto na kuishi kwa maji ya mto wenyewe, si kwa mvua inayonyesha hapo. Ndiyo maana ukitoka Malindi kwenda bara kiangazi, nyika yote imepukutika, ilhali ukingoni mwa mto Sabaki miti imeshonana.

Maji hayo yametoka mbali. Mto Athi huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi. Tsavo ni mto mdogo wa upande wa Kilimanjaro, unaoongezewa maji na chemchemi za Mzima. Mito hiyo miwili ikikutana huitwa Galana, na ikikaribia bahari huwa Sabaki. Hata mvua ikikatika, mchanga wa kingo hubaki na maji chini yake. Visima vya Baricho, tunavyovitegemea sisi watu wa pwani, huchota humohumo.

Mimea nayo ina mahali pake. Matete husimama majini. Nyuma yake kuna mkuyu, ambao matunda yake hung'ang'ania shina na matawi makubwa, tena huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo nyani na ndege hula hata kwingine kukiwa hakuna kitu. Mkindu, wenye ukindu wa mikeka, hupenda unyevu. Mkoma ni mvumilivu, hata penye chumvichumvi hukubali. Mlangoni mwa mto, maji ya bahari yanapoingia, ni zamu ya mikoko.

Mizizi hushika ukingo, na majani hupunguza kasi ya mafuriko ili tope litue njiani. Ukilima hadi ukingoni, mwanzo mahindi hunawiri, kisha ukingo humeguka, ukaenda na shamba. Kanuni za maji za Kenya zinataka kuachwe mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Lakini tope jingi la Sabaki hutoka huko juu Athi. Mkulima wa Malindi asibebeshwe mzigo wote.

Tope hilo hufuata pepo. Kaskazi ikivuma husukumwa kusini, bahari ya mjini Malindi ikawa rangi ya chai ya maziwa, hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi iliyotengwa mwaka 1968. Kusi ikiingia, hugeukia kaskazini, Mambrui na Ghuba ya Ungwana.