Skripti inayosoma Kiswahili ili mdomo wa katuni usogee

Kazi ya midomo ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Chumba chetu cha kazi kiko Ngara, Nairobi, na katuni tunazotengeneza ni za watoto: dakika 5 kila kipindi, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, yaani fremu 7,500. Ndani ya fremu hizo wahusika hawanyamazi. Kila anapofungua mtu kinywa, lazima mmoja wetu asikilize sauti, aburute mstari wa muda mbele na nyuma, achague umbo la mdomo, aweke fremu kuu, asonge fremu chache, kisha arudie. Fremu kuu ni ile ambayo mkao wake tumeuamua wenyewe. Zilizo katikati programu hujaza. Nilikuwa natoka saa tatu usiku kutafuta matatu ya Thika Road, vidole bado vimejikunja kana kwamba vimeshika mausi.

Kilichonifungua macho ni karatasi ya mazungumzo iliyokuwa mezani. Maneno yote ya kipindi yalikuwa pale, kwa Kiswahili, na Kiswahili hutamkwa kama kilivyoandikwa. Kwa Kiingereza herufi haiaminiki. Zilezile hutamkwa hivi katika neno moja na vingine katika jingine, ndiyo maana kompyuta huhitaji kamusi nzima ya matamshi kabla ya kuusogeza mdomo. Sisi tuna irabu tano, na kila moja ina umbo lake la kinywa popote utakapoikuta. Huo ni utajiri, na naona tumeukalia.

Chukua sentensi hii: "Mama, mbona umechelewa?" Itamke mbele ya kioo polepole. Midomo inafungana mara nne: kwenye ma, kwenye ma ya pili, kwenye mbo na kwenye me. Inachomoza kwenye o na u, inachomoza tena kidogo kwenye w ya mwisho, kisha a inafungua kinywa chote. Hapo mtazamaji ameshasadiki kwamba mhusika anasema. Zile n, ch na l hufanywa na ulimi ndani, na kwa mhusika wa katuni hazihitaji fremu kuu ya peke yake.

Hiyo ndiyo kanuni ya skripti yangu, yaani programu ndogo niliyoandika ili isome maneno ya karatasi na kuusogeza mdomo. M, b na p hufunga midomo. F na v hupeleka mdomo wa chini kwenye meno ya juu. Th na dh huleta ncha ya ulimi mbele. K, g, h na ng' hutokea nyuma, kwa hiyo skripti inazipita tu. Inasoma vikundi virefu kwanza, ng' kabla ya ng, na ng kabla ya n, la sivyo ng'ombe anaharibika mapema.

Muda ndio ulionichukua siku nyingi zaidi. Mwanzoni niligawa sekunde sawasawa kwa silabi, na mdomo ukatoka kama wa mtu anayehesabu pesa. Kisha nikakumbuka tulichofundishwa darasani: mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sentensi ile ina silabi tisa. Silabi zenye mkazo ni ma ya kwanza, mbo na le, nami nikazipa uzito wa moja na nusu. Mwigizaji akiisema kwa sekunde 2, yaani fremu 50, silabi ya kawaida inapata karibu fremu 5 na yenye mkazo karibu 7. Tofauti ya fremu mbili tu, lakini ukiitazama unamsikia mama akiulizwa.

Mambo mawili zaidi kuhusu muda. Midomo iliyofungana isikae chini ya fremu 2, kwa maana fremu moja ni sehemu 4 za mia za sekunde na jicho linaikosa. Na mdomo wote utangulie sauti kwa fremu moja au mbili, kwa sababu mtu huandaa kinywa kabla sauti haijatoka.

Kuna mahali maandishi hayatoshi. Katika "mtoto mbaya" na "nyumba mbaya", neno mbaya huandikwa sawa, lakini kwa mtoto m ya mbaya ni silabi kamili inayosimama peke yake, na kwa nyumba imeshikamana na b. Midomo ya kwanza hukaa imefungwa kwa muda mrefu zaidi. Skripti haiwezi kujua, kwa hiyo naiandikia alama ndogo kwenye karatasi: m.baya. Mwanzo na mwisho wa kila kauli naweka pia kwa mkono kwenye mstari wa muda, nikisikiliza rekodi. Hilo sikutaka kuliachia mashine. Mwigizaji anaposita, kusita huko ni sehemu ya uigizaji.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aiangalie programu yake ikifanya kazi. Ndani ya Blender, programu ya kutengenezea katuni, fungua dirisha la Info, kisha sogeza kitu: amri ya Python, lugha ya kuandikia programu, inajiandika hapo. Maya, programu nyingine ya kazi hiyo, nayo huandika amri zake kwenye Script Editor. Unachukua mstari mmoja, unaufanya urudie mara mia, umeshaandika skripti yako ya kwanza. Yangu, ukiondoa usomaji wa silabi, inazunguka amri moja tu, keyframe_insert, inayoweka fremu kuu kwenye umbo la mdomo. Natumia Blender kwa sababu ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2002, watu walipochanga euro 100,000 ili iachiwe umma. Kwa kijana wa Nairobi anayeanza na kompyuta ya mtumba, jambo hilo ni kubwa.

Siku niliyoumia ni hii. Skripti ya kwanza ilikuwa inafuta fremu kuu zote za uso kabla ya kuandika mpya. Niliiendesha juu ya faili ambalo mwenzangu alikuwa amefanyia kazi siku mbili, macho na nyusi, tukio la mtoto anayeficha machozi. Yote yakaenda, na nakala ya mwisho ilikuwa ya juzi yake. Alirudia bila kuninyooshea kidole, nami nilikaa pembeni yake hadi akamaliza. Tangu hapo kila umbo linaloguswa na skripti linaanza na "mdomo_", na skripti imekatazwa kugusa jina lolote jingine. Pia inahifadhi nakala ya faili kabla ya kuanza.

Macho sitayaandikia skripti. Mtu hupepesa wazo linapogeuka, na hilo halimo kwenye tahajia.

Kuhusu kurenda, yaani kompyuta kuchora fremu zote hadi picha kamili, neno moja tu: toa picha za PNG, usitoe video. Ondoa tiki ya Overwrite, ili picha iliyokwisha kutoka isichorwe upya, na weka ya Placeholders, ili fremu inayochorwa ishikiwe nafasi na faili tupu. Stima ikipotea usiku kwenye fremu ya 3,100, asubuhi unafuta ile picha iliyokatika katikati, unaendelea hapohapo. Na kompyuta mbili zinaweza kugawana folda moja bila moja kurudia kazi ya nyingine.

Kilichobaki ni lugha ya mtaani. Wahusika wetu ni watoto wa Nairobi, na wanaongea kama watoto wa Nairobi. Msee (mtu) na mbogi (kundi la marafiki) hazina shida, zinasomeka kama Kiswahili chochote. Shida ni neno lililokuja na tahajia yake ya Kiingereza. Katika kipindi cha siku ya kuzaliwa, skripti ilisoma "birthday" herufi kwa herufi na msichana akatoa midomo isiyofanana na sauti yake. Sasa kuna faili dogo la maneno, kila neno na matamshi yake pembeni: birthday, bathdei. Tukimaliza kurekodi, naketi na waigizaji wenyewe tunayaandika jinsi wao walivyoyatamka, na skripti inasoma faili hilo kwanza kabla ya kugusa mdomo wa mtu yeyote.