Je, wajua kwa nini Linux ileile huendesha laptopu ya mtumba mjini Mwanza na kompyuta kuu zinazokokotoa dhoruba za ziwa?

Mvuvi wa dagaa anayesukuma mtumbwi kutoka mwalo wa Igombe jioni huwa anataka kujua jambo moja: usiku huu ziwa litakuwaje? Si swali jepesi, kwa kuwa Ziwa Victoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda ufukweni. Usiku ufukwe hupoa upesi, upepo hugeuka, na hewa itokayo pande zote hukutana juu ya maji, ikapanda na kuzaa dhoruba ambazo aghalabu hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Kukokotoa mwenendo huo katika miraba yenye upana wa kilomita 4 hivi, kama walivyofanya wataalamu wa hali ya hewa wa Uingereza katika modeli yao ya eneo hili, ni kazi ya kompyuta kuu.

Kompyuta kuu hizo hutumia Linux, ambayo ni mfumo endeshi, yaani programu inayosimamia kompyuta nzima. Tangu Novemba 2017, kila mashine katika orodha ya TOP500, inayotaja kompyuta 500 zenye nguvu zaidi duniani, inaendeshwa na mfumo huo, ambao pia mwanafunzi wa Mwanza anaweza kuuweka katika laptopu ya mtumba. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Linux ni ya bure. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi, kwani taasisi iliyonunua mashine ya mamilioni ya dola haiwezi kushindwa kulipia leseni. Lenye uzito zaidi ni kwamba leseni yake, GPL, inamruhusu yeyote kuufungua msimbo na kuurekebisha, na kwamba msimbo wenyewe umegawanywa kwa namna inayorahisisha kazi hiyo.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Linus Torvalds alipoitangaza mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, aliiandika kwa ajili ya prosesa ya Intel 386, na katika tangazo lake alieleza waziwazi kuwa haihamishiki kwenda mashine za aina nyingine. Kufikia toleo la 1.2, mwaka 1995, tayari ilikuwa imehamishiwa kwenye prosesa za Alpha, SPARC na MIPS. Leo anayefungua msimbo wa kerneli, yaani kiini cha mfumo, hukuta folda iitwayo arch, na ndani yake folda ndogo za kila familia ya prosesa: x86, arm64, powerpc, s390 na nyinginezo. Humo ndimo yalimo mambo yanayotofautiana kutoka prosesa moja hadi nyingine, kama vile jinsi inavyowashwa na jinsi inavyopanga kurasa za kumbukumbu. Yaliyobaki, kuanzia mifumo ya mafaili hadi mtandao, kwa sehemu kubwa yameandikwa mara moja tu kwa lugha ya C.

Tofauti haziishi kabisa. Ukiandika amri getconf PAGESIZE katika laptopu ya kawaida, utajibiwa 4096, yaani kumbukumbu imegawanywa katika kurasa za baiti 4,096. Katika seva yenye prosesa ya Arm na Red Hat Enterprise Linux 8, toleo la Linux linalotolewa na kampuni ya Red Hat, jibu ni 65536. Kurasa kubwa humpunguzia prosesa kazi ya kutafuta anwani pale kumbukumbu inapokuwa kubwa mno, ila hupoteza nafasi mafaili madogo yanapokuwa mengi. Ndiyo maana toleo la 9 lilihamia kwenye kurasa ndogo na kuziacha zile kubwa kuwa hiari, uamuzi ninaouona wa busara. Vilevile, programu iliyokwisha kutafsiriwa kuwa lugha ya mashine na kompaila kwa ajili ya Intel haitakubali kuendeshwa kwenye Arm. Kinachohama ni msimbo chanzo, yaani ule ulioandikwa na mtu, nao sharti utafsiriwe upya.

Hapo ndipo Linux za kitaasisi, yaani zinazouzwa pamoja na matunzo ya muda mrefu, kama Red Hat na SUSE, zinapopata soko. Red Hat Enterprise Linux 8 ilitolewa mwaka 2019 ikiwa na kerneli 4.18 na imebaki nayo, huku marekebisho ya usalama kutoka matoleo mapya yakirudishwa nyuma na kupachikwa humo, kwa ahadi ya matunzo ya miaka 10. Kwa hiyo draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa kama kadi za mtandao, hazivunjiki kila mara. Summit ya Marekani, iliyoongoza TOP500 mwaka 2018, ilikuwa na prosesa za POWER9. Fugaku ya Japani, iliyoongoza mwaka 2020, ina nodi, yaani kompyuta mojamoja zilizounganishwa, 158,976 za Arm. Zote mbili ziliwekewa Red Hat.

Kompyuta kuu, kwa hakika, ni kundi la kompyuta. Mwaka 1994 wataalamu wa NASA waliunganisha prosesa 16 za aina ya 486 kwa mtandao wa kawaida, wakaliita kundi hilo Beowulf, na mtindo huo ndio ulioenea. Kila nodi huwa na nakala yake ya Linux. Ramani ya ziwa hukatwa vipande: nodi moja hupewa Ukerewe na Ghuba ya Mwanza, nyingine maji ya Entebbe, kisha baada ya kila hatua ya hesabu hupeana namba za mipakani kwa njia iitwayo MPI. Nodi moja ikikatizwa kidogo na huduma isiyo ya lazima, jirani zake huisubiri, na ucheleweshaji huo hujirudia maelfu ya mara. Kwa sababu hiyo wasimamizi huzima huduma zisizohitajika, na prosesa ya Fugaku imetengewa viini (cores, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu) 2 au 4 vya kuhudumia mfumo, ili viini 48 vibaki na hesabu peke yake.

Modeli ya hali ya hewa ya WRF, inayopatikana bure na iliyoandikwa zaidi kwa lugha ya Fortran, hufuata utaratibu huohuo. Anayejifunza kuitumia mjini Mwanza kwa AlmaLinux au Rocky Linux, mifumo iliyozaliwa mwaka 2021 kwa kufuata nyayo za Red Hat, atakapopewa nafasi kwenye kompyuta kuu atakuta amri zilezile za Linux. Ataitafsiri modeli upya, kisha katika faili la kazi analokabidhi kwa Slurm, programu inayogawa nodi kwa watumiaji wengi, ataandika nodi ngapi anazihitaji na kwa saa ngapi.